Swali la Tatu: Kwa Nini Wewe?

Watu wengine hupewa jina na wazazi wao, wengine hupewa na kazi. Sekretari wa idara pale chuoni alikuwa na jina zuri tu kwenye vyeti vyake, lakini ghorofa nzima ya pili ilimwita Bahasha, na yeye akaitika. Miaka kumi na mmoja alikaa katika kile chumba cha pembeni, dirisha halifungi, kiti kimebaki na magurudumu matatu, na printa inatafuna karatasi moja katika kila tano. Kama umewahi kupita pale ukasikia mtu anaipiga printa kofi huku anaitukana kwa sauti ya chini, basi Bahasha umeshamsikia.

Jina lilitokana na blogu. Idara ilikuwa na blogu, tena si blogu ya hivihivi, blogu ya kitaaluma, ndivyo walivyoiandika juu kabisa kwa herufi za rangi ya dhahabu. Mle wasomi waliandika makala fupi za maoni kuhusu mambo ya nchi, na wakubwa maofisini walizinukuu wakitaka kuonekana wamesoma. Sasa usidhani mtu aliandika tu makala yake akaituma. Thubutu! Kwanza ulilete wazo, ukurasa mmoja, ujibu maswali matatu ya fomu: Hoja yako ni ipi? Kwa nini sasa? Kwa nini wewe? Kamati ikilikubali wazo, ndipo uandike. Ikilikataa, urudi ukalale.

Na kwa kuwa wasomi wale hawakuaminiana hata kwa kijiko cha sukari, wazo lilisomwa bila jina. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bahasha. Aliichapisha fomu, akachukua mkasi, akakata jina pamoja na jibu la swali la tatu, maana hapo ndipo watu walipojisifu mpaka wakajulikana, akavitia kwenye bahasha ya kaki na kuifunga kwa gundi. Hoja ilikwenda kwa mhakiki, bahasha ikabaki kwenye droo. Jumatano saa nne asubuhi kamati inakaa, mhakiki anasoma tathmini yake kwa sauti, kamati inaamua, kisha Bahasha anafungua bahasha na kusoma kilichomo. Kompyuta zilikuwepo, tena za kutosha, zingeweza kuyafanya hayo yote. Lakini mkasi ulikuwa umepitishwa na kikao, na pale jambo likishapitishwa na kikao, hata liwe la kijinga namna gani, haligusiki.

Kwa hiyo mawazo yote ya wasomi wa idara yalikuwa yamepita mikononi mwake, na nikikwambia alikuwa anawadharau wale watu, usimwone mbaya. Na wewe ungewadharau. Kuna aliyetaka kuandika juu ya njaa, akaanza na aya tatu za kueleza neno njaa lina maana gani. Kuna aliyeleta wazo kuhusu msongamano wa magari, kwenye "kwa nini sasa" akajibu: kwa sababu leo nimechelewa. Mwingine alileta wazo lilelile mara nne, kila mara amebadilisha jina la nchi tu.

"Hawa watu, mama mdogo," Bahasha alikuwa akimwambia mdogo wake marehemu mama yake, "ukiwauliza saa ngapi, wanaanza kukueleza nani aliivumbua saa."

Bingwa wao alikuwa Dokta Kimsingi. Naye jina alipewa na mdomo wake, kwa sababu hajawahi kufungua kinywa bila kuanza na neno hilo. Kimsingi leo kuna joto. Kimsingi naomba chai. Alikuwa mtaalamu wa sera za afya, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, na tangu Bahasha amjue hakuwahi kumwona akiandika kwa hata moja kati ya hizo tatu. Makala zake ziliandikwa na wanafunzi wake wa shahada ya pili, yeye akatia jina na cheo. Siku moja Bahasha alimdokeza kwamba wazo alilopangiwa kuhakiki lilikuwa la shemeji yake, pengine lingepewa mtu mwingine. Kimsingi alivua miwani, akamtazama kama mtu anayetazama kiti kilichoongea.

"Kimsingi, dada, sekretari hana mamlaka ya kubadilisha mhakiki. Kazi yako ni bahasha."

"Sawa, Dokta," alijibu, na hilo akaliweka moyoni.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo si la kuchekesha.

Mama mdogo alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa wao, mwaka wa ishirini na sita sasa. Zahanati ile ilikuwa nyumba ya vyumba vitano nyuma ya kiwanda cha matofali, na chumba kimoja kilikuwa cha kujifungulia, vitanda viwili na pazia la kijani katikati. Mwaka uliopita halmashauri ilikuja na ndoo za rangi. Wakaifunga zahanati wiki tatu ili waipake rangi, na vyumba vyote wakavifunga siku moja, kana kwamba mimba nazo zingesubiri rangi ikauke. Mlangoni wakabandika karatasi: wajawazito waende hospitali kuu. Hospitali kuu iko ng'ambo ya mji, na kati yake na mtaa kuna daraja moja ambalo asubuhi halipitiki kwa wingi wa malori.

Katika wiki hizo tatu wanawake wanne wa mtaa ule walijifungulia njiani. Wa pili alikuwa Bahasha.

Uchungu ulimshika saa mbili asubuhi, kabla ya tarehe. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikimbia kutafuta teksi na glavu zake za kazi bado mkononi. Walikaa darajani saa nzima na robo. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, mbele yao lori la mchanga, dereva wa teksi amefumba macho na kupiga honi bila kuacha. Alikuwa wa kike. Alilia mara moja tu, basi. Walipofika hospitali kuu, daktari aliwapokea vizuri, akawapa pole, akawaambia laiti angezaliwa mahali penye mtu wa kumsafisha njia ya hewa, dakika mbili tu zingetosha. Dakika mbili! Na kutoka nyumbani kwao hadi kwenye pazia la kijani ni mwendo wa dakika tisa kwa miguu.

Idara ilimtumia kadi ya pole. Walisaini wote. Kimsingi alisaini bila kuuliza nani kafa.

Haya. Ungefikiri halmashauri ingeona aibu. Wapi! Mwaka huu walitoa tangazo kwamba, kwa kuwa zahanati ilifungwa wiki tatu na hakuna malalamiko yaliyopokelewa, imedhihirika kwamba wananchi wanaweza kuhudumiwa na hospitali kuu, hivyo inapendekezwa zahanati ifungwe moja kwa moja na jengo liwe ghala la vifaa. Walikuwa wamefunga mlango, halafu wakashangaa hawakusikia mtu akibisha hodi.

Mtaa uliandika barua. Watu mia tatu na kumi na wawili walitia sahihi, na wanawake waliojifungulia njiani wakatajwa wote, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Barua ilirudi baada ya siku sita, juu yake mistari miwili ya kalamu nyekundu: "Hoja hazina uthibitisho. Yaambatanishwe maandiko ya kitaalamu yaliyohakikiwa." Kikao cha kuamua kilikuwa baada ya wiki tatu, siku ya Ijumaa.

Mama mdogo aliisoma akiwa amesimama, bado amevaa aproni.

"Mwanangu, maandiko ya kitaalamu ndiyo nini? Mimi nimezalisha mtaa mzima huu. Huyo aliyeandika kwa wino mwekundu, mikono hii ndiyo iliyompokea. Alikuja duniani anapiga kelele, na bado anapiga."

"Najua yalipo, mama mdogo," Bahasha alisema. "Nayakata kwa mkasi kila siku."

Kanuni za blogu zilisema wazo linaweza kuletwa na mtumishi yeyote wa chuo. Waliandika "yeyote" kwa kujipendekeza tu, hakuna aliyewahi kuwaza kwamba yeyote angetokea. Jumamosi mbili Bahasha aliwatembelea wale wanawake watatu, mmoja mmoja, akakaa kwenye mikeka yao, akauliza na kuandika: saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, walingoja kwa muda gani. Wa kwanza alijifungulia kwenye ngazi za benki. Wa tatu, ndani ya duka la vitambaa, mwenye duka akatoa shuka jipya. Wa nne alifika getini pa hospitali kuu, akazalia mikononi mwa mlinzi, na mlinzi akazimia. Watoto wao walikuwa wanatambaa tayari. Bahasha aliwabeba wote watatu, na kila alipotoka alisimama kidogo nje ya nyumba kabla hajaweza kutembea.

Mama wa pili hakuhitaji kumtembelea. Aliyaandika yote kama alivyoandika ya wenzake, bila "mimi", mpaka rangi ya kitambaa cha kiti cha teksi. Akajaza fomu. Maelezo ya wanawake wanne akayabana kwenye swali la kwanza, la pili aya moja. Swali la tatu, kwa nini wewe, aliliangalia sana, kisha akaandika sentensi moja. Akachapisha, akaipiga printa kofi, akachukua mkasi, akajikata mwenyewe jina na kujitia kwenye bahasha.

Kabla ya kikao cha halmashauri blogu ilikuwa imebakiza nafasi moja tu ya makala. Na kumbe hakuwa peke yake aliyeitaka. Jumatatu Dokta Kimsingi naye alileta wazo, kichwa chake "Kuunganisha Huduma za Afya: Fursa Mpya". Halmashauri ilikuwa imemfanya mshauri wake, na mshauri ni lazima ashauri kile ambacho wakubwa wameshaamua. Wazo lilikuja kutoka kwenye barua pepe ya mwanafunzi wake, na juu kulikuwa na maneno ambayo mwanafunzi alisahau kuyafuta: "Dokta, hii hapa, sijui kama utapata muda wa kuipitia." Bahasha aliyafuta yeye. Muda wa kuipitia, Kimsingi!

Profesa, mwenyekiti wa kamati, ndiye aliyegawa kazi za kuhakiki. Alikuwa mzee mpole, mwenye kupenda taratibu kuliko watu. Aliangalia hoja mbili zisizo na majina, zote za afya, akaangalia orodha ya wahakiki.

"Afya, afya. Zote mbili mpe Dokta."

Bahasha alisimama mlangoni na zile karatasi mkononi. Alijua kabisa kwamba moja ni ya Dokta mwenyewe. Alifungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba sekretari hana mamlaka ya kubadilisha mhakiki, akaufunga, akazipeleka.

Siku mbili zile alizihesabu saa kwa saa. Usidhani alikuwa anacheka. Kimsingi angeitambua kazi yake, angeipitisha, na angeitupa ile nyingine, na Ijumaa ya wiki iliyofuata pazia la kijani lingekwenda ghalani. Alijilaumu kwamba hakusema. Alimwambia mumewe, na mumewe akasema jambo moja tu: "Mtu hawezi kutambua asichokiandika." Bahasha hakuamini. Alidhani mtu, hata awe mvivu vipi, angalau husoma kitu kabla ya kutia sahihi.

Jumatano saa nne, kamati ilikaa. Walikuwa watatu: Profesa, Dokta Kimsingi, na mhadhiri wa takwimu, mwanamke mnene mcheshi aliyekuja vikaoni kwa ajili ya biskuti. Bahasha alikaa mwisho wa meza na daftari la muhtasari, bahasha mbili mbele yake.

Kimsingi alikohoa, akaanza.

"Kimsingi, wazo la kwanza, hili la fursa mpya, ni debe tupu. Mwandishi ametumia neno 'fursa' mara tisa katika ukurasa mmoja, na hakuna hata mara moja ambapo amesema ni fursa ya nani. Haoneshi kwamba amewahi kukanyaga zahanati yoyote, wala kuugua, wala kumjua mtu aliyewahi kuugua. Ninashuku ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena wa kozi nyingine. Ninapendekeza likataliwe, na mwandishi ashauriwe kwa upole atafute shughuli nyingine."

"Leo umemchinja mtu," alisema mhadhiri wa takwimu huku anatafuna.

"Kimsingi taaluma lazima ilindwe."

Bahasha aliinamisha uso kwenye daftari. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba nyani anaweza kuandika tathmini ya kundu lake mwenyewe na kuisoma mbele ya kamati.

"Wazo la pili," Kimsingi aliendelea, na sauti ikabadilika, "kimsingi ndilo tulilokuwa tunalingoja miaka yote kwenye blogu hii. Wanawake wanne, siku ishirini na moja. Hakuna neno la ziada. Mfano wa mama wa pili hasa, nakiri, niliusoma mara mbili. Mwandishi anatueleza mpaka rangi ya kitambaa cha kiti. Kitambaa cha bluu chenye mistari. Huyu ni mtafiti mwenye uzoefu wa miaka mingi. Ombi langu ni moja tu: aeleze mbinu aliyoitumia kumfikia mama huyu wa pili hadi akafunguka kiasi hiki."

Kalamu ya Bahasha ilisimama. Hapo alitaka kucheka na hakuweza. Kitambaa cha bluu chenye mistari, kikitamkwa na mdomo ule! Alimchukia Kimsingi kwa kukisoma vizuri kuliko alivyowahi kumchukia kwa ujinga wake wote.

"Basi la kwanza limekataliwa, la pili limekubaliwa," Profesa alisema. "Dada, tusomee majina."

Bahasha aliichana bahasha ya kwanza. Alisoma jina la Dokta, cheo chake, halafu, kwa kuwa kanuni zilitaka, akasoma na jibu lake la swali la tatu, mistari yote kumi na mmoja, polepole, bila kuruka hata nukta: kwa sababu mimi ndiye mtaalamu pekee katika ukanda huu mwenye upeo wa kutosha kuhusu suala hili, na kadhalika na kadhalika. Alipomaliza, kilichosikika ni biskuti ya mhadhiri wa takwimu ikivunjika. Mhadhiri yule aliuma ncha ya mtandio wake, mabega yakamtikisika, machozi yakamtoka.

Kimsingi alirekebisha tai.

"Kimsingi," alisema, "nilikuwa najihakiki kwa makusudi. Ili kuonesha mfano."

"Mfano tumeuona," alisema Profesa. "Bahasha ya pili."

Aliichana. Alisoma jina lake mwenyewe, lile la kwenye vyeti, na kwa muda hakuna aliyejua ni nani, maana miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kulitamka. Kisha akasoma jibu. "Kwa nini wewe? Kwa sababu mama wa pili ni mimi."

Hata mhadhiri wa takwimu aliacha kutafuna. Kimsingi aliangalia karatasi yake, pale alipoomba aelezwe mbinu, akaigeuza juu chini.

"Pole sana, mama," alisema Profesa. Aliisema vizuri, kwa moyo, siwezi kumsingizia. Lakini pole yake haikufika mwisho wa meza. "Ila hapa tuna tatizo la kitaratibu. Mwandishi hawezi kuwa mfano ndani ya makala yake mwenyewe. Upendeleo huo. Maslahi yanagongana."

"Maslahi gani, Profesa?"

"Namaanisha uthibitisho. Nani anathibitisha ya mama wa pili?"

"Mama wa kwanza, wa tatu na wa nne niliwauliza mimi, na mmeamini. Mama wa pili ndiye pekee ambaye sikusimuliwa, nilikuwepo. Ndiye huyohuyo mnayemkataa?"

"Hatumkatai, mama. Angesema mtu mwingine, ingekuwa ushahidi. Ukisema wewe, ni simulizi."

"Nani mwingine? Walikuwemo watu wanne kwenye gari. Mmoja ni mume wangu. Mmoja amekufa. Alibaki dereva."

"Dereva angefaa," alisema mhadhiri wa takwimu, kwa nia njema kabisa.

Hapo ndipo Bahasha alipowaona sawasawa. Hawakuwa wabaya, hilo ndilo lililomuumiza. Mbaya unamtukana unamaliza. Hawa walikuwa watu wazuri wenye mkasi, na walikuwa wamekata muda mrefu mno mpaka hawakujua tena kipi ni karatasi. Alisikia hasira ikimpanda kutoka miguuni, alitaka kupindua meza na biskuti zake, alitaka kumuuliza Profesa kama mama yake alimzaa kwa taratibu gani.

Profesa alimpa njia mbili. Kama anataka mama wa pili abaki, wazo liende kwanza kwenye kamati ya maadili, inayokaa baada ya miezi miwili. Kama atamtoa, makala inapita leo, inatoka Jumatatu, halmashauri inaipata kabla ya Ijumaa.

"Wanne au watatu, kitakwimu ni kilekile," mhadhiri wa takwimu alimfariji. "Sampuli ni ndogo vilevile."

Bahasha alifunga daftari la muhtasari.

"Mtoeni," alisema. Halafu akasema, "Hapana, msimguse. Nitamtoa mwenyewe."

Alirudi chumbani kwake, akakaa kwenye kiti cha magurudumu matatu, akaandika makala nzima kwa siku mbili, maana maneno alikuwa nayo. Alipofika kwa mama wa pili, aliandika yote kwanza, mistari ishirini na miwili, kila kitu, lori, honi, kilio kile kimoja. Aliisoma. Kisha akaifuta. Kompyuta haikumuuliza kama ana hakika. Mama wa tatu akawa wa pili, wa nne akawa wa tatu. Alilia kwa hasira, na hasira nyingine ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa anajua kabisa kwamba amefanya sawasawa na bado alijiona kama amemwacha mtoto garini.

Makala ilitoka Jumatatu. Chini yake, kama ilivyo desturi ya blogu, palikuwa na neno la mhakiki, na Dokta Kimsingi aliandika kwamba yeye ndiye aliyekigundua kipaji hiki. Watu walimpongeza ngazini, naye akaitikia kwa unyenyekevu mkubwa.

Ijumaa halmashauri ilikaa. Saa saba mchana uamuzi ulibandikwa ubaoni: kutokana na andiko la kitaalamu lililohakikiwa, zahanati haitafungwa, na chumba cha kujifungulia hakitafungwa tena kwa ukarabati bila kuwekwa chumba mbadala. Ngazi za benki zilitajwa, duka la vitambaa lilitajwa, na mlinzi aliyezimia alitajwa. Ni yaleyale yaliyokuwa kwenye barua ya mtaa, neno kwa neno, ila sasa yalikuwa yamepita chini ya macho ya mtu mwenye tai.

Simu ya Bahasha ililia saa nane. Nyuma ya sauti ya mama mdogo kulikuwa na vigelegele vya wanawake.

"Mwanangu! Haifungwi! Hapa watu wanaruka kama wehu!"

"Nimeona, mama mdogo."

"Muuguzi ametusomea makala yako yote. Umeandika, mwanangu, umeandika." Akaondoka penye kelele, mlango ukasikika ukifungwa. "Ila nimehesabu, nimepata watatu."

"Ndiyo."

"Walikuwa wanne."

"Wa pili hakufaa," Bahasha alisema. "Walisema hana mtu wa kumthibitisha. Nimemtoa mimi, mama mdogo. Kwa mkono wangu. Hayupo popote."

 Kisha mama mdogo akasema, kwa ile sauti yake ya kazini, isiyo na haraka:

"Yupo. Nilimwandika mimi."

"Ulimwandika wapi?"

"Kwenye daftari la uzazi. Siku tulipofungua tena mlango, kabla sijampokea mzazi yeyote. Sheria ni niandike waliozaliwa humu ndani tu, lakini kama si wao na rangi zao, angezaliwa humu, kwa hiyo nikamwandika. Namba mia moja na kumi na nane. Wa kike. Uzito sikuujua, nikaacha wazi. Na jina hukuniambia, nikaliacha wazi nalo. Sikutaka kukutonesha." Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Daftari liko hapa mbele yangu. Njoo ulijaze."

Bahasha alizima kompyuta. Alichukua kalamu moja mezani, akaijaribu kwenye kiganja kama inaandika. Mlangoni alikutana na Dokta Kimsingi, ameshika karatasi.

"Dada, kimsingi nina wazo jipya, sasa nilitaka unikatie..."

"Mkasi uko mezani, Dokta," alisema, akampita, akashuka ngazi. Jina alikuwa nalo tangu mimba ilipokuwa na miezi sita, na hakuwahi kumwambia mtu.